Nilivyozama Maji ya Kiunoni

Jamani, mie aibu zangu huwa nazimeza kimya kimya, lakini hii imekataa kumezeka, maana kila harusi ya Waswahili hapa Doha lazima atokee mtu anitazame, aanze kucheka kabla hata ya salamu. Basi bora niisimulie mwenyewe kuliko kuwaachia watu watie chumvi (na chumvi yenyewe siku ile niliinywa ya kutosha).

Kwanza mjue kazi yangu. Nilikuwa mhudumu wa bwawa la kuogelea katika hoteli moja pale Al Sadd, na kila asubuhi kazi ya kwanza ni kutia mkono majini kuona kama yako sawa. Yako sawa siku zote! Agosti, jua linakaanga watu barabarani, maji yale yanapozwa na mashine. Januari, upepo unakata masikio, yanapashwa na mashine. Sasa mtu ukishika maji yaleyale mwaka nenda mwaka rudi, na kwenu umezaliwa Makunduchi ambako bahari haijawahi kumtetemesha mtu, akili inalala. Nikajiona mie ndiye mwenye maji ya Qatar nzima.

Wakati huo nilikuwa nataka kumuoa Zuhura, binti wa kwetu Unguja aliyekuwa akilea watoto katika nyumba moja kule Pearl. Sisi wawili tulishakubaliana, lakini mamake, Bi Mwanajuma, aliyebaki Unguja, akasema hamtoi mwanawe kwa mtu asiyemjua, kwanza kaka yake Zuhura anitazame. Kaka mwenyewe ni Khamis, dereva hapahapa Doha, mpole, hasemi sana, lakini macho yake yanakupekua mpaka mifukoni. Akanialika Ijumaa moja ya Januari, baada ya sala, tukale na familia yake ufukweni Wakra. Nikajua ndiyo siku yangu, nikifeli pale Zuhura simpati.

Nilivaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama peke yake, na shuka ya msuli ndani (ndivyo tulivyolelewa), na ndani ya msuli bukta kuukuu ambayo, wallahi, sikutarajia ingeonwa na kiumbe yeyote. Nikaenda na Otieno, mlinzi wa hotelini kwetu, mtu wa Kisumu, tuliyekuwa tukilala naye chumba kimoja mtaa wa Najma. Nilimchukua anipe moyo.

Mambo yakaenda vizuri. Pilau tumekula, mke wa Khamis kanisifu adabu, Zuhura kakaa pembeni anajifanya hanitazami. Ndipo Khamis akanitania, "Na kuogelea unajua, au kazi yako kuwafagilia wenzako bwawa tu?"

Hapo mtu mwenye akili angecheka yakaisha. Mie nikasema, "Shemeji, mie samaki."

Mdomo huu! Haikupita hata dakika upepo ukaubeba mpira wa Raya, bintiye Khamis, ukaupeleka baharini, mtoto akaanza kulia. Khamis akasema, "Uache, tutamnunulia mwingine." Lakini Zuhura alishageuka kunitazama, na mie nilishajiita samaki, ningekaaje?

Otieno akanivuta mkono. "Msee, guza maji kwanza. Mimi nimekulia kando ya ziwa, hiyo maji ya baridi haina urafiki."

"Otieno, maji ya Doha unanifundisha mie? Nayashika kila siku!"

Nikavua kanzu nikamkabidhi, nikakaza msuli, nikatoka mbio. Miguu ilipogusa maji ilinipa habari zote, lakini watu wananitazama, narudije? Yalipofika magotini nikajitupa kifua mbele, nikapiga mikono miwili mitatu kwa madaha, kisha lahaula! Pumzi ikakatika, puu, kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo, nikafungua mdomo kutafuta hewa nikapata bahari, mikono ikawa si yangu, moyo unapiga ngoma, nikajua basi tena, safari imefika.

"Mama yangu wee! Mama, nakufa! Mamaaa!"

Otieno anapiga kelele ufukweni, "Lala chali! Wacha kupigana na maji!" Na Khamis naye, "Simama! Wewe bwana, simama!" Nikawaza, huyu shemeji ni mtu wa namna gani, mwenzake anakata roho yeye anamwambia asimame, nisimame juu ya nini? Nikaanza shahada. Katikati ya shahada mguu ukagusa mchanga.

Nikasimama. Maji kiunoni.

Ufuko mzima ukaangua kicheko, Wahindi, Waarabu, Wafilipino, hata Raya aliyekuwa analia. Nami ningecheka nao, ila nilihisi maji mahali pasipostahili, kutazama, msuli wangu unaelea mbele huko unaufuata mpira, na bukta ile ina tundu ambalo sitaki kulieleza. Nikachuchumaa upesi maji yakanifika shingoni, meno yanagongana.

"Toka, utaganda!" Khamis akaita.

"Siwezi!"

"Kwa nini?"

"Basi tu, shemeji!"

Akaelewa. Akakunja suruali, akachukua khanga ya Zuhura, akaingia mwenyewe akipiga mayowe kwa ile baridi, akanifunga pale pale majini kama bibi harusi anavyovishwa. "Njoo, ndugu yangu," akasema, na sauti yake haikuwa na dhihaka hata chembe, nikataka kulia. Nikatoka baharini mbele ya mchumba wangu nimejifunga khanga iliyoandikwa SINA MAKUU.

Wakaniketisha garini, hita imewashwa, mikononi chai ya karak naimwagia magoti kwa kutetemeka. Hapo ndipo nikaambiwa mke wa Khamis amerekodi yote kwa simu, toka "mie samaki" mpaka khanga, alitaka kumwonesha mkwewe ushujaa wangu, na video ameshaituma Unguja. Nikaona Zuhura ndiyo kanitoka.

Simu ikalia. Khamis akaweka sauti ya juu.

"Huyo ndiye mwenyewe?" Bi Mwanajuma akauliza.

"Ndiye, mama."

"Nimemsikia. Kamwita mamake."

"Ndiyo, mama."

Nikafumba macho. "Mwanamume anayemlilia mamake mbele za watu hatomnyanyulia mkono mwanangu. Mwambieni alete posa. Na baharini asikanyage tena peke yake."

Zuhura akajifunika uso kwa mtandio, sijui analia sijui anacheka, nadhani yote mawili.

Mpira haujarudi mpaka leo. Nami tangu siku ile siingii majini bila kutia mguu taratibu na kuuliza ni mwezi gani, maana nimejifunza kuwa maji ya baridi hukuibia pumzi kwanza, na ukiibiwa, lala chali mpaka irudi. Kuna jingine nimeapa kuacha, nalo ni majigambo, ila hilo bado linanishinda. Nikianza tu mbele ya wageni, mke wangu habishani nami, anaingia chumbani, anatoka amejifunga khanga ile, anakaa. Nami namalizia chai yangu kimya.