Mbuzi Ambaye Sijamtoa

Ipo siku moja ya kiangazi kule Mugeta ambayo sijawahi kuisahau, na leo umenirudisha huko kwa nguvu. Kaa chini, mwanangu. Ufunguo wa pikipiki yako nimeufunga kwenye pindo la kitenge changu na sikupi, hata ukinuna mpaka jua lizame. Nimekusikia ukiifungulia ile sauti kwenye simu yako mara tatu. Mtu anahema, anapayuka kwamba watu wa ng'ambo ya mto wameingiza mifugo kwenye malisho ya ndugu zetu upande wa Bunda, na kila kijana atoke, aje na chochote chenye makali. Nawe umelitoa panga nyuma ya mlango, ukaniambia, "Bibi, nisipoenda watasema mimi mwoga."

Neno hilo nimeshaambiwa mimi kabla mama yako hajazaliwa. Niliambiwa mbele ya watu, na jina langu likatajwa. Kwa hiyo usidhani unazungumza na kikongwe anayeogopa kelele.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba alikuwa ametangulia, akatuacha mama, kaka yangu Wambura na mimi, pamoja na ng'ombe ishirini na wawili. Maziwa yao ndiyo tuliyokunywa, ndama wao ndio waliosubiriwa kuwa mahari ya Wambura, na mama alisema wazi kwamba siku wakiondoka, sisi tutarudi kwa wajomba kuomba kona ya kulala. Mjane asiye na ng'ombe kule kwetu hakuwa na sauti hata kwenye kisima.

Na wizi wa ng'ombe wa wakati ule usiufikirie kama wizi wa kuku. Ilikuwa vita. Walikuja watu thelathini, arobaini, mchana kweupe, na pinde zao, na nyuma yao alikuwepo mtu mwenye akili aliyewapanga. Sisi kinga yetu ilikuwa yowe. Akionekana adui, mwanamke wa boma la kwanza anapiga yowe, la pili linapokea, la tatu linapokea, na kila mwenye miguu anakimbilia lilikotokea. Wanaume mbele na mikuki, sisi wasichana nyuma na vibuyu vya maji. Asiyekwenda alitozwa mbuzi, anachinjwa palepale, wanamla waliokwenda, na jina lake linaimbwa kwenye pombe mwaka mzima. Mila hiyo ilituokoa mara nyingi na siitukani. Lakini mila ikishazoeleka, adui naye anaisoma.

Alikuwepo jirani yetu, Mzee Makuru. Alikuwa amepigana vita vya Wazungu huko Bama, yaani Burma, akarudi na koti moja la kijeshi na tabia ya kutosema sana. Yowe likilia, watu wote wanakwenda huku, yeye anachukua fimbo na kwenda kule, peke yake, kuelekea mtoni. Alikwishatoa mbuzi watatu kwa ajili hiyo. Tulimcheka. Mimi nilikuwa mtunzi wa wimbo mmoja uliosema Makuru alivuka bahari kwenda kujifunza kukimbia, na wasichana wenzangu waliupenda kweli. Naona aibu kuusema wimbo huo hata leo, lakini lazima uujue, kwa sababu ukicheka leo ujue unayemcheka ni nani.

Siku yenyewe nilikuwa nalisha ng'ombe wetu karibu na mto, saa sita jua limesimama. Yowe likapasuka upande wa kilimani, mbali. Nilisita. Mama alikuwa ameniambia nisiwaache ng'ombe hata kidogo. Kisha nikawaona wenzangu wanapita mbio, mmoja akaniuliza kama nami nimeanza kuwa Makuru. Basi nikatupa fimbo nikakimbia. Sikukimbia kwa ushujaa, mwanangu. Nilikimbia kwa sababu nilikuwa naangaliwa.

Kilimani tulikuta kibanda kimoja kinawaka na watu wawili watatu wanatokomea ng'ambo ya pili. Tulipiga kelele, tukarusha mishale kwenye vichaka, tukajisifu. Tulipogeuka ndipo tukaona moshi mtoni.

Mto ule wakati huo ulikuwa unavukika mahali pamoja tu, penye mawe, na upande wa pili njia inapanda katikati ya kingo mbili kama mlango. Mzee Makuru alikuwa amekata matawi ya miiba, akayasokomeza kwenye mlango huo na kuwasha majani makavu. Wezi, ambao walikuwa wamejilaza kwenye matete wakisubiri sisi tutoke, walikusanya ng'ombe wetu kwa raha zao na kuwasukuma kivukoni. Ng'ombe wa mbele walipofika kwenye miiba na moshi, wakagoma. Wa nyuma wakawapanda wa mbele. Saba walipenya. Kumi na watano waligeuka na kutawanyika, na wezi hawakuwa na muda wa kuwakusanya tena.

Tulimkuta mzee amekaa kwenye tope, mshale umezama pajani. Bahati yake haukuwa umepakwa sumu. Wanaume walianza kusema kwa pamoja, huyu anauliza wezi walikuwa wangapi, yule anauliza wameelekea wapi. Yeye aliwaacha waulizane. Alinitazama mimi.

"Hapa mtoni alibaki nani?" aliuliza.

Macho yangu yakaenda kwenye fimbo niliyoitupa.

"Mlikuwa watu mia, mkaenda kumwangalia mtu anayepiga kelele. Kule Bama maadui walikuwaga wanapiga kelele upande mmoja wa msitu, sisi tunamwaga risasi hukohuko. Wenzao wanatuingilia mgongoni. Nimezika rafiki zangu kwa kosa hilo. Sikudhani nitalikuta nyumbani."

Halafu akasema kwa sauti ya chini, ya kuombea maji, kwamba wimbo wangu ameusikia na ni mzuri, ila mwisho wake haujakaa sawa. Nililia mpaka nikashindwa kumpa kibuyu.

Mguu ule haukupona vizuri. Kiangazi kile chote nilimpelekea uji, naye akanifundisha kwa vijiti na mawe ya mtoni, mlangoni kwake. Aliweka mawe, akaniambia haya ni sisi, na haya ni wao, sasa wewe ndiye mwizi, unataka ng'ombe hawa, utafanyaje? Kila siku nilikuwa mwizi. Nilichoka kuwa mwizi, lakini baada ya wiki chache niliweza kukuambia mahali ambapo mtu mwenye akili angejificha kwenye kijiji chetu, na njia ambayo angetokea. Alinifundisha pia watu wachache wafanye nini ili waonekane wengi. Mama alisema mzee anapoteza muda, msichana ataolewa na mambo hayo yatabaki kwenye majivu. Mzee akamjibu kwamba ng'ombe hawamwulizi anayewalinda kama ni mwanamke.

Kiangazi kilichofuata yowe likalia tena. Kilima kilekile. Safari hii nilikuwa nyumbani. Nilipita mlangoni kwa Mzee Makuru, naye hakuweza hata kusimama.

"Kilima kilekile?" aliniuliza.

"Kilekile."

"Basi unajua pa kwenda."

Nilimshika mama mkono, nikawaomba na shangazi zangu wawili. Sitaki kukudanganya kwamba walinifuata kwa imani. Walinifuata kwa sababu nilikuwa nalia na kupiga kelele na walidhani nimepata wazimu. Tukaingiza ng'ombe zizini, tukaenda kivukoni. Karibu na mawe ya kivuko Wambura alitukuta, mkuki begani, anakimbia upande mwingine na vijana wenzake. Alinikamata bega.

"Nyangeta, unatutia aibu. Toka hapo, twende."

"Nenda wewe. Mimi sitoki."

"Watakutoza mbuzi."

"Wanitoze."

Alinisukuma, nikaanguka kwenye mawe, nikaamka, nikasimama palepale. Wenzake walikuwa wanamwita. Akaenda.

Tulikokota miiba, sisi wanawake wanne, mikono ikachanika. Tuliwasha moto sehemu tatu, tukaweka majani mabichi juu ili moshi uwe mwingi, tukawa tunazunguka kutoka moto hadi moto, tunagonga madebe, tunaitana majina ya wanaume. Shangazi mmoja aliita jina la marehemu mume wake kwa sauti nzito mpaka tukacheka. Tulifanya hivyo mpaka jua likaanza kuinama. Hakuna aliyetokea. Hakuna mshale, hakuna mtu, matete yametulia.

Mwanangu, hii ndiyo vita pekee niliyowahi kushinda, na haikuwa na kitu cha kuonyesha. Wanaume walirudi kutoka kilimani wakiwa wamekuta kichaka kinachoungua na nyayo chache. Ng'ombe wote wa kijiji walikuwepo. Kwa hiyo walisema, kumbe hapakuwa na wezi, na hawa wanawake wameshinda mtoni wanacheza ngoma ya madebe wakati wenzao wanakwenda kufa. Kesho yake tukaitwa barazani kwa mwenyekiti wa kijiji.

Kabla ya kwenda nilivuka mto peke yangu. Nilijua pa kutazama, kwa sababu nilishakuwa mwizi miezi mitatu kwenye mlango wa Mzee Makuru. Kwenye matete ya ng'ambo nilikuta majani yamelaliwa mahali pa watu ishirini au zaidi, makapi ya miwa iliyotafunwa, na kamba za katani, nyingi, zimesukwa upya kwa ajili ya pembe za ng'ombe. Walikuwa wamekaa pale wakitazama moshi wetu, wakahesabu, wakaona hesabu haiwalipi. Nikazibeba zile kamba, nikazitupa katikati ya baraza.

Mwenyekiti alizigeuza kwa fimbo yake. Akasema kamba ni kamba, huenda ni za wawindaji, na sheria inasema anayesikia yowe aende. Mama na shangazi zangu wakasamehewa kwa umri wao. Mimi nikatozwa mbuzi.

Nikasema sitoi.

Sikuwa na maneno mengi, nilikuwa msichana tu. Nilisema kama kosa langu ni kulinda ng'ombe wao wakiwa hawapo, basi waniandike mwoga na waandike vizuri. Baraza likachafuka. Wambura, kwa kuona aibu, akatoka mbio, akarudi na mbuzi wetu mwekundu amefungwa kamba, akamfunga kwenye nguzo ili yaishe. Nikaenda nguzoni, nikamfungua mbuzi mbele ya wanaume wote, nikatembea naye mpaka nyumbani. Hakuna aliyeninyang'anya. Nafikiri hawakuwahi kuona jambo hilo na hawakujua mkono uanzie wapi.

Nililipa kwa njia nyingine. Waliniimba mwaka mzima, kwa tuni ileile niliyomtungia Mzee Makuru, na nilistahili hiyo sehemu. Mchumba aliyekuwa ameanza kuleta salamu alikata mguu. Iliuma, sitakuficha, nilikaa nyuma ya ghala nikalia kama mtoto. Lakini kiangazi cha tatu yowe lilipolia, mwenyekiti, bila kumwambia mtu sababu, aliwatuma wanaume wanne kivukoni. Na cha nne pia. Hakuna aliyekuja kuniomba radhi, ila Wambura alioa kwa ng'ombe walewale, na siku ya harusi alinikalisha karibu yake, akanikatia nyama kwa mkono wake. Mzee Makuru hakuiona harusi hiyo. Ningependa angeiona.

Sasa nisikilize, maana nimechoka na uji uko motoni. Yowe siku hizi liko mfukoni mwako. Kabla hujalikimbilia, jiulize aliyelipiga ni nani. Umesema humjui, umetumiwa na mtu aliyetumiwa na mtu. Jiulize kwa nini anataka vijana wote wa huku Suguti na Musoma wawe mahali pamoja, siku moja, na panga mkononi, na yeye mwenyewe hajasema atakuwa wapi. Halafu tazama mgongoni kwako. Mkeo ana mimba ya miezi minane, zizi limejaa, na wanaume wote wa njia hii nimewaona wanawasha pikipiki. Hapa anabaki nani?

Mimi sikukatazi vita. Wakija hapa, nitasimama nawe mlangoni na mchi wangu, na nitapiga yowe mpaka mapafu yakauke. Lakini ukienda kufa kwenye malisho ya watu usiowajua kwa sababu umeogopa kuchekwa, nitakuzika nikiwa na hasira, na sitaki kukuzika. Nimesema wazi, sitaki.

Chukua ufunguo wako. Nimefungua pindo. Sikuwekei kamba, kama ambavyo mimi sikukubali kuwekewa. Kama utaiwasha pikipiki, uende kwa mwenyekiti wa kitongoji, mkae mpange nani anasimama wapi, kisha urudi kwa mkeo.

Mungu akupe macho ya kuona kivuko na miguu ya kusimama hapo wenzako wakikimbia. Akupe mtoto atakayekuuliza maswali magumu. Na wakija kukutoza mbuzi kwa kutokwenda, waambie waanze na wa bibi yako. Wamemdai miaka zaidi ya hamsini, na bado hajamtoa.