Kisasi Changu kwa Mbeba Bomu Kimeninyima Kaburi la Kaka

Nimekosa, jamani! Wala simsingizii shetani. Aliyepiga ukelele wa mwizi siku ile sokoni Ujiji ni mimi, na nilijua kabisa yule mtu hajaiba hata nyanya.

Nauza mawese. Kaka yangu, tumbo moja, alivuka ziwa kupeleka chumvi Kongo, vita vikamkuta nyumba ya wageni. Waliokimbilia huku walituambia kitu kiliingia dirishani, hewa ya ndani ikawaka, watu wakakutwa wamekufa bila jeraha. Walizikwa harakaharaka, hatukujua wapi. Mama akakataa kuanua matanga. "Nileteeni udongo wa kaburi lake, hata wa kujaa kiganja," alisema.

Hasira ikanifanya msomi wa simu. Nikasoma habari za mabomu ya namna hiyo: yanatawanya ukungu wa mafuta kisha yanauwasha, na msukumo wake unapasua mapafu ya mtu hata akijificha. Wamarekani waliyatumia Vietnam, Warusi wakayapeleka Afghanistan na Chechnya, juzijuzi Ukraine. Zamani yaliangushwa na ndege, siku hizi mtu mmoja anayafyatua kwa bomba aliloliweka begani.

Kama lililomuua kaka ni hilo, sijui mpaka leo. Lakini mimi nilishika hapohapo. Mtu mmoja! Basi ana uso, na nitampata!

Siku hiyo Mkongo mmoja, mgeni, alikuwa anakunywa kahawa karibu na meza yangu huku akiwasimulia wenzake. "Ile bomu ya kuchoma hewa miye naijua. Miye njo nilibeba masanduku yake mpaka juu ya kilima, na siku ile..."

Sikungoja amalize. Damu ilinichemka, nikapaza sauti: "Mwizi! Mwizi huyo, kaniibia!"

Mnajua wenyewe neno hilo linavyokusanya watu. Walimpiga kwa magongo na mawe. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisimama nikitazama, moyo umepoa kama nimekunywa maji ya mtungini. Nikasema kimoyomoyo, kaka, sasa pumzika.

Polisi walimwokoa akiwa hai. Jioni akaja Mama Furaha, Mkongo mwenzake anayeuza dagaa jirani yangu, analia. "Umefanya nini, dada? Yule wapiganaji walimukamata kwa nguvu, wakamubebesha mizigo yao. Akatoroka, akarudi kuzika wale bafu, wale waliokufa. Amekuja huku kutafuta ndugu zao. Leo asubuhi aliniuliza nyumba yenu ya Buzebazeba!"

Nikakaa chini palepale, kati ya madumu yangu.

Kesho yake nikaenda hospitali na uji. Taya limefungwa bandeji, jicho moja limeziba. Nikampigia magoti, nikamwambia yote: kaka, Mama, matanga, udongo. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mimi sikumfanyia.

Kisha akasema kwa shida, "Kaka yako nilimuzika na mikono yangu. Kaburi yake naijua. Nilikuja kuwaambia." Akageuzia uso ukutani. "Sasa sitakuambia. Rudi na uji yako."

Alipopona akapanda boti kurudi kwao. Nilimfuata mpaka mwaloni, boti zinapotia nanga, nikimwita mbele za watu. Hakugeuka.

Niseme kweli? Nilimchukia! Nilitamani nimlaani mpaka ng'ambo. Lakini nikipima, kisasi chake ni kidogo kuliko changu. Mimi nilitaka roho yake, yeye kaninyima kiganja cha udongo.

Wewe unayeuguza uchungu wa marehemu wako, unayewinda uso wa kuulipizia kisasi, nakuomba: mwache mtu amalize maneno yake! Ukelele ukishatoka haurudi mdomoni. Mkuki kwa nguruwe, nilidhani. Kumbe ulikuwa unanirudia mimi na mama yangu.

Kila asubuhi Mama ananiuliza kama kuna mtu kavuka na habari. Namjibu bado, Mama. Sina ubavu wa kumwambia kwamba alishavuka.