Jirani Aliyetajwa Bungeni

Kabla hajawa mheshimiwa alikuwa fundi redio, na mpaka leo wabunge wa chama tawala wakitaka kumchokoza humwita Waya. Hakasiriki. Kibanda chake kilikuwa kwenye kona ambayo kila mtu lazima apite, na mwenye redio mbovu hukaa kwenye benchi akasubiri, na akisubiri huongea. Huyu kalalamikia maji, yule mumewe, mwingine barabara ambayo kila uchaguzi hupimwa kwa kamba, halafu kamba inakunjwa. Fundi kainamia waya zake, anasikiliza. Ndivyo watu walivyomzoea, na chama cha upinzani kilipotafuta mtu wa kumsimamisha katika jimbo lile hakikuhangaika sana.

Tabia ile ya benchi aliingia nayo bungeni. Wenzake husema "wananchi wa jimbo langu". Yeye husema "jirani yangu mmoja". Jirani yangu mmoja kajifungulia kwenye ngazi za zahanati kwa kuwa mlango ulikuwa na kufuli. Jirani yangu mmoja daraja limemmezea baiskeli. Watu waliguna, wakacheka, lakini walisikiliza, na zahanati ikapata mlinzi mwenye funguo. Hakuna aliyewahi kuuliza ni jirani gani.

Ikafika siku ya bajeti ya ulinzi. Upande wa upinzani waliotaka kuchangia walikuwa wachache, maana habari za jeshi hazichezewi. Kiongozi wa kambi yao alimpa karatasi, akamwambia asome kama ilivyo, asiongeze neno. Akasoma. Akafika mwisho na muda wake bado haujaisha, na ulimi ukashika njia yake ya kila siku.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "jirani yangu mmoja ana kijana wake kule mpakani. Fulana za kuzuia risasi walizopewa hazina bamba ndani, ni kitambaa kitupu. Kijana kamwomba mama yake trei za kuokea mikate, azikate azipachike kifuani. Waziri atuambie, hayo mabamba yalinunuliwa au hayakununuliwa?"

Waziri wa ulinzi alikuwa mzee mpole, mtu asiyepandisha sauti hata akitukanwa. Alisimama taratibu, akafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa Spika, jambo hili limenigusa. Namwomba ndugu yangu atupatie jina la huyo jirani, ili tumsaidie kijana."

Hapo ndipo Waya alipojua alichofanya. Mtaani kwao mwoka mikate ni mmoja tu, Mama Mikate, shoga wa mkewe, na mtoto wake yuko jeshini. Spika akafungua kitabu cha kanuni: mheshimiwa alete uthibitisho kikao cha jioni, akishindwa afute kauli.

Alitoka akasimama karibu na mlango wa msalani, akampigia mkewe.

"Baba Watoto," mkewe akasema kwa sauti ya chini, "huku wamekuja vijana wawili, mashati yamenyooshwa kwa pasi. Wamenunua mikate wala hawajaila. Wanauliza nani ana mtoto askari, eti wameleta msaada."

"Shemeji amesikia?"

"Si alikuwa na redio. Ile uliyomtengenezea mwenyewe. Amezima tanuri, yuko hapa jikoni kwangu, nimempa kiti hataki kukaa."

Simu ikabadilisha mkono.

"Shemeji," Mama Mikate akasema, "mimi nilikuja kwa mkeo kuazima trei. Nikamwambia yeye. Sikuja bungeni."

"Najua, shemeji."

"Mtoto alinikataza nisiseme. Mwenzao mmoja alilalamika, wakamchukua, mpaka leo hawajui yuko wapi. Sasa nikimpigia kumwonya, si nimewaonyesha ni yeye kwa mkono wangu?"

"Usimpigie."

"Haya. Nifanye nini?"

Kwenye kibanda mtu akimuuliza hivyo humwambia pitia kesho.

Kiongozi wa kambi alimkuta palepale. Yeye alikuwa na furaha ya mtu aliyebahatisha.

"Umewabana, bwana. Taja jina tu. Kesho hakuna gazeti litakaloandika kingine."

"Na huyo mama?"

"Tutamtetea. Tuna mawakili."

"Na mtoto wake mtamtetea akiwa wapi?"

Kiongozi akaangalia viatu vyake. "Lakini ukifuta," akasema, "tukitaja jeshi tena watatuuliza habari za mikate."

Jioni Waya alisimama. Alijikaza kisabuni, akasema anafuta kauli. Ingetosha kwa kanuni. Lakini alimwona waziri anamtazama kwa upole uleule, akiwa ameshika kalamu, akakumbuka wale wenye mashati bado wako mtaani. Kauli ikifutwa, jirani anabaki.

"Na huyo jirani, Mheshimiwa Spika, hayupo," akasema. "Nilimtunga. Hata wa daraja nilimtunga. Na wa zahanati. Mimi majirani zangu wote ni wa kutunga."

Meza zikapigwa kwa vicheko. "Waya umekatika," mmoja akamtupia, na Spika mwenyewe akashindwa kujizuia. Waziri hakucheka. Aliandika kitu, akakunja karatasi, akampa mtu aliyekaa nyuma yake. Waya aliifuata ile karatasi kwa macho mpaka ilipotoka mlangoni.

Walimfungia vikao. Magazeti yakamwita mtunzi wa hadithi. Sokoni yule mwanamke wa zahanati, mtoto kamfunga mgongoni, alimsimamisha mbele za watu. "Kwa hiyo, mheshimiwa, huyu nilimwokota?" Watu wakacheka tena. Akasema samahani, dada, akapita. Kilichomsumbua ni gari jeupe lililoegeshwa mbele ya duka la vifaa, likitazamana na nyumba ya Mama Mikate. Siku hiyo lilikuwepo, kesho yake halikuwepo, na hakujua kipi kibaya zaidi.

Jumapili ndipo alipothubutu kwenda kwa Mama Mikate. Alimkuta anakanda unga, simu kaiweka mezani pembeni ya beseni. Kijana wake hupiga Jumapili, alasiri.

"Nimesikia ulivyosema sipo," akasema bila kuinua macho. "Umeniua mbele ya bunge zima. Ahsante."

"Shemeji..."

"Sitanii. Ahsante. Mikononi mwao umemtoa mtoto, kama wamekuamini." Akageuza donge la unga, akalipiga. "Na risasi je? Sasa nani atauliza mabamba?"

Waya aliangalia simu. Saa ya kijana kupiga ilikuwa imeshafika, tena imeshapita kidogo. Akainuka, akasema labda amwache apumzike.

"Kaa hapo," Mama Mikate akasema. "Uliniogopesha peke yangu. Leo tutaogopa wote."

Akakaa. Mama Mikate akaendelea kukanda, unga ambao ulikwisha kandika kitambo.