Mara Mbili Kiebrania, Mara Moja Kiswahili

Wafanyabiashara wa Dar pale Tianxiu Dasha, jengo la maduka hapa Guangzhou, wananiita Msabato kwa sababu Jumamosi sionekani sokoni. Mwanzoni nilikuwa nikieleza kwamba mimi ni Myahudi, kwamba kwetu nyanda za juu za Kenya tuko familia chache, na kwamba hatukuzuka jana. Kila jibu lilizaa maswali mengine, na maswali yananichosha. Msabato inatosha.

Kila wiki Torati ina sehemu yake, na Wayahudi duniani kote husoma hiyo hiyo. Desturi ni kuipitia kabla ya Sabato: kila aya mara mbili Kiebrania, kisha mara moja kwa lugha unayoielewa. Nyumbani mimi nilikuwa nasoma Kiebrania na dada yangu mkubwa akisoma Kiswahili, polepole mno, mpaka nikawa nampiga kiwiko. Huku Guangzhou nasoma zote tatu peke yangu, Ijumaa alasiri, nikishatoka soko la Zhanxi kukagua viatu vya wateja.

Sipendi watu wanaofungua Maandiko popote wakajikuta humo. Sehemu nyingi hazinihusu. Wiki za ukoma na za mbao za hema nazisoma kama orodha ya mzigo, nikiangalia tu kwamba hakuna kilichopungua.

Lakini sehemu ya wiki huichagui, na kila mwaka baridi ikianza inafika ile ya ndugu wawili. Mdogo alichukua kwa hila baraka ya mkubwa wake, akatoroka. Sasa, baada ya miaka mingi, anarudi na anaogopa kuonana naye. Hiyo nilikuwa naisoma mbio, hasa Kiswahili chake.

Niseme kwa nini. Mjomba wetu alikuwa na ofisi ya mizigo huku, na aliyemtaka kwa kazi hii ni dada yangu. Siku mjomba alipopiga simu nyumbani kuuliza kama bado yuko tayari, dada alikuwa Nakuru, nikapokea mimi. Nikamwambia dada anasitasita, ila mimi niko tayari. Hakuwa anasitasita. Viza ikatoka kwa jina langu. Jambo hilo hatukuwahi kulizungumza, na kwa miaka saba tumebaki na salamu za sikukuu.

Viatu nilimtumia. Vya ngozi, vya mvua, vya wanawe, katoni moja leo na nyingine baada ya miezi michache. Alikuwa akijibu kwamba imefika.

Mwaka huu nilikwenda kumtafutia buti. Laoban, yaani mwenye duka, akanipungia mkono bila kuniangalia: “Mei you, mei you.” Hakuna. Saizi ya dada ilikuwa imekwisha, na duka la pili hivyo hivyo. Nikarudi chumbani mikono mitupu, nimenuna, nikakaa kusoma. Kwa kuwa sikuwa na cha kufungasha, nilisoma taratibu.

Yule mdogo anagawa mifugo makundi makundi, anaacha nafasi kati ya kundi na kundi, anaitanguliza yote kama zawadi kwa kaka yake, na yeye mwenyewe anabaki nyuma kabisa. Nilikuwa nimeipita aya hiyo miaka yote. Safari hii nilikumbuka katoni zangu, nikaona aibu. Nikaendelea. Kulipokucha aliwapita wote, akaenda mbele mwenyewe akichechemea, akainama mbele ya kaka yake.

Ilikuwa saa kumi na nusu, jua bado halijazama wala Sabato haijaingia, na kwa dada Kenya hata adhuhuri haijafika. Nikampigia dada.

“Ni viatu tena?” akauliza.

“Hapana. Safari hii hakuna mzigo.”

“Sasa unanipigia ya nini?”

Nikamsimulia ile simu ya mjomba, alichouliza na nilivyomjibu, neno kwa neno. Nilitamani kutaja kwamba nilikuwa mdogo, lakini sikuwa mdogo kiasi hicho. Nikamwomba msamaha. Kwake kulikuwa na redio inaongea, akaizima. Niliogopa kwamba angekata simu.

“Nilikuwa nimeshaaga watu,” akasema. “Halafu nikabaki, kila asubuhi nakutana nao njiani.”