Neno la Baba Siku ya Kuagwa Kwangu

Nakumbuka siku ya kuagwa kwangu, turubai limefungwa uani kwetu Kihesa, Iringa, wakwe wamefika kutoka Uyole, Mbeya, nami nimekaa nimepambwa, namwomba Mungu baba yangu asimame aseme neno. Mwanangu, Jumamosi utasimama kumuaga mdogo wako, na umenisomea hotuba yako yote kutoka kwenye simu. Nimeisikia. Sasa weka hiyo simu chini unisikilize na mimi.

Baba hakutaka niolewe mbali. Kijana mwenyewe, baba alimpenda. Tatizo lilikuwa Mbeya. "Siku nikifa," aliniambia, "utafika wameshanizika." Nikashikilia palepale, maana ukaidi nilirithi kwake. Akaipokea posa shingo upande, kisha akaninyamazia, tukawa tunapishana uani kama wapangaji. Sherehe ilipokaribia akamwambia mama kwamba kuhudhuria atahudhuria, ila kuongea asitegemewe. Na kwetu, binti akitoka bila kauli ya baba yake, huyo ameondoka tu, hajaagwa. Wiki ile nililia kila nilipomenya vitunguu, na vitunguu vilipokwisha nikaendelea.

Basi akasimamishwa baba mkubwa, kaka yake baba. Loo, mzee yule alijaliwa maneno! Alianza na chimbuko la ukoo, akaja kwenye safari zake za ujana, pilau likapoa, watoto wakasinzia. Mimi aliniita mchapakazi, mwenye heshima, ua la Iringa. Watu walipiga makofi, lakini sifa zile ungeweza kumpa binti yeyote wa mtaa ule na zikamtosha. Mungu amrehemu, alinipenda kwa namna yake.

Alipokaa, baba akasimama. Hakuna aliyemwita. Mama alinishika mkono.

"Kamwene," akawasalimu wageni kwa salamu yetu ya Kihehe, wakaitikia. "Mimi si mwongeaji. Nina moja tu. Huyu mtoto anaogopa radi."

Watu wakacheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mtu mzima, bibi harusi, mbele ya wakwe! Baba akangoja kicheko kiishe.

"Anaogopa tangu mdogo. Ikipiga anajifungia chumbani, anajifunika kanga. Hatawaambia, ana kiburi kama mimi. Hapa nyumbani ikinguruma huwa naenda kukaa naye, nampigia hadithi yoyote mpaka ipite. Nasikia kwenu Mbeya mvua ni nyingi kuliko huku. Na mimi sitakuwepo." Akafuta uso kwa kofia yake. "Naomba mmoja wenu akakae naye. Ni hilo tu, wakwe zangu."

Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi, mwanangu. Wanawake wa Kihesa, ninaowajua kwa ulimi, walikuwa wanajifuta macho. Lililo moyoni ulimi huiba. Miezi yote ile ya kuninyamazia, kumbe alikuwa anawaza nitakaa na nani mvua ikinyesha. Nikainuka na mapambo yangu yote nikaenda kupiga magoti mbele yake, nikalia. Akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Nenda, mama. Nenda salama."

Ndipo mama mkwe wangu akasimama, wala ratiba haikumtaja. "Baba, tumesikia," akasema. "Nitakaa naye mimi mwenyewe."

Na alikaa. Masika ya kwanza Uyole, mume wangu yuko sokoni, mbingu ikapasuka, nikakimbilia chumbani. Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mkwe ameloa chapachapa, akaketi ukingoni mwa kitanda. "Haya," akasema, "baba yako alikuwa anakusimulia nini?" Kuanzia siku hiyo yule mama hakuwa mkwe tena. Tuligombana, ndiyo, jiko moja wanawake wawili utakosaje? Lakini radi ikipiga ugomvi unaahirishwa. Hata mwisho wake, yuko kitandani, hajui tena leo ni siku gani, mvua ilianza kunguruma. Akasogea ukutani kwa shida, akanipapasia nafasi pembeni yake, akaniambia, "Njoo huku, usikae peke yako." Alifariki juma lile lile.

Sasa mwanangu, hiyo hotuba yako ina "itifaki imezingatiwa", ina shukrani kwa kamati, ina mdogo wako mrembo mwenye nidhamu. Ni nzuri, lakini wakwe hawatamjua kwa hayo. Waambie jambo moja unalolijua wewe uliyelala naye chumba kimoja utotoni, jambo litakalowasaidia kumtunza ukiwa haupo. Chagua vizuri, maana si kila siri ni ya kipaza sauti, na kama litamwachia aibu, limeze. Halafu usijisifu kwa wanaompokea, waombe. Mtu akiombwa kwa unyonge mbele za watu, hubeba lile neno mpaka kwake. Sauti ikikukatika katikati, iache ikatike, huyo MC atangoja. Ukimaliza, kaa.

Mungu akufungulie kinywa Jumamosi, mwanangu. Neno lako litangulie kwenye nyumba anayokwenda mdogo wako, na huko aendako asikose wa kumwambia, "Njoo huku." Amina.