Saisi wa Thika na Farasi Aliyempa Mtu wa Punda

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Jumapili, Jeconia Omondi anashuka kwenye baiskeli yake mbele ya boma moja la Mugutha, Ruiru, na kabla hajamsalimu binadamu yeyote ameshamkagua farasi. Anamtazama akiwa nje ya ua, mikono nyuma, uso umekunjamana.

"Hajachanwa," anasema. "Tazama hapo shingoni. Yawa, huyu mtu!"

Huyo mtu ni Mwanzia, mwenye boma, mchukuzi wa maji ambaye tangu utotoni amefuga punda. Anatokea jikoni na kikombe cha chai mkononi, na inaonekana maneno haya ameshayazoea.

"Karibu, Mzee Omondi. Nilimchana jana jioni."

"Jana si leo."

Omondi anavua koti lake la kanisani, analitundika juu ya mti wa ua, anakunja mikono ya shati na kuchukua burashi. Anaanzia shingoni, anashuka begani, na kila burashi inapopita anatoa sauti ndogo kati ya meno, sss, sss, kama walivyofanya masaisi waliomfundisha. Kusema kweli, mwandishi wa makala haya hakuona uchafu wowote. Farasi aling'aa. Lakini Omondi ameendesha baiskeli kutoka Thika, na hawezi kukubali kwamba hakuna kazi iliyomngoja.

Farasi huyu ni jike la rangi ya hudhurungi, mwenye mguu mmoja mweupe. Anaitwa Rozi. Hapa Mugutha anaitwa Kalondu, na jambo hilo Omondi hapendi kulizungumza. "Muulize mwenyewe," anasema akimwonyesha Mwanzia kwa kidevu. "Mimi sikumpa hilo jina."

Omondi ana umri wa miaka arobaini na sita. Alizaliwa Gem, Nyanza, akaja huku akiwa na miaka kumi na tisa kukata nyasi katika shamba la kahawa la Mzungu mmoja nje ya mji wa Thika. Baada ya mwaka alipelekwa kwenye banda la farasi. Huko alilisha, akaosha, akafunga matandiko na kulala karibu na farasi wagonjwa kwa zaidi ya miaka ishirini. Mtu wa kazi hiyo huitwa saisi, na hata leo, ukimuuliza kazi yake, Omondi hakwambii yuko kiwandani. Anakwambia ni saisi.

Mwishoni mwa mwaka 1953 bwana wake aliamua kuuza shamba na kurudi kwao Ulaya. Farasi wengine walipata wanunuzi. Rozi hakupata. Alikuwa ameumia kano la mguu wa mbele katika mbio za Nairobi, akawa anachechemea, na farasi wa mbio akichechemea hana bei.

"Bwana aliniambia Jumamosi atampiga risasi," anasimulia Omondi. "Hakusema kwa ubaya. Ndiyo desturi yao. Lakini mimi ndiye nilimpokea huyu akizaliwa, kwa mikono hii. Nikamwambia, bwana, wenzangu unawapa bakshishi ya kuagana. Mimi usinipe shilingi. Nipe huyu."

Bakshishi hiyo ilikuwa shilingi mia na hamsini. Mkewe, Aoko, anaikumbuka mpaka leo. Nilimkuta nyumbani kwao Thika akichambua maharagwe, na hakusubiri kuulizwa mara mbili.

"Mke wa Muthoka, saisi mwenzake, alinunuliwa cherehani," alisema. "Mimi nikaletewa farasi kilema. Na usifikiri maneno yaliishia hapo. Huyu mwanamume akitoka kazini haji kwangu kwanza. Anapita huko nyuma bandani, namsikia anauliza, 'Umeshindaje leo?' Mimi niko jikoni, hakuna anayeniuliza nimeshindaje. Nilimwonea wivu yule farasi, kwa nini nidanganye? Mwanamke mwenzangu ningejua namna ya kumfukuza. Farasi utamwambia nini?"

Omondi alipata kazi katika kiwanda kinachokamua magome ya miti ya miwati kupata dawa ya ngozi, akajenga banda la mabati nyuma ya nyumba ya kupanga. Jioni alimkanda Rozi mguu kwa maji ya chumvi. Alipopata nafuu kidogo, akawa anavuta mkokoteni mwepesi wa kuni siku za Jumamosi. Pesa za kuni zilinunua pumba, na mshahara wa kiwandani, shilingi tisini na tano kwa mwezi, ulilisha watu. Maisha yalikwenda hivyo kwa miaka mitatu na zaidi.

Kisha, mwezi Machi mwaka jana, kazi kiwandani ikapungua. Wafanyakazi wa siku sita wakawa wa siku tatu. Mshahara ukakatika nusu, ada ya shule ya mtoto wao Dismas ikabaki ile ile, na Rozi hakupunguza kula. Omondi alianza kwa kuuza redio. Akafuata koti la mvua. Mwezi Juni, Aoko alipika uji jioni, akamwekea mumewe bakuli mezani, akamwambia jambo ambalo wote wawili walikuwa wakilikwepa.

"Nilimwambia, Baba Dismas, mtoto amelala na njaa jana na farasi amelala ameshiba. Sikupiga kelele. Alijua."

Aliyetangulia kuja kumwangalia Rozi alikuwa mtu wa buchari. Alimzunguka mara moja, akamminya paja, akauliza uzito wake. Omondi alimfukuza kwa ufagio.

Wa pili alikuwa Mwanzia. Alikuja na chumvi kidogo kwenye karatasi. Hakumgusa farasi. Aliketi chini nje ya banda, akaweka chumvi juu ya kiganja, akangoja huku akizungumza mambo ya mvua na bei ya mahindi. Rozi alinyoosha shingo, akanusa, akalamba kile kiganja mpaka kikakauka.

"Nilijua pale pale ni mtu mzuri," anasema Omondi. "Nikamchukia pale pale."

Hakuchukua pesa. Alitaka farasi apate malisho na asichinjwe, basi. Akampeleka mwenyewe kwa miguu mpaka Mugutha, akamkabidhi Mwanzia hatamu, burashi na ndoo. Akamweleza kipimo cha pumba, wakati wa kunywa maji, namna ya kuinua kwato. Mwanzia akamuuliza kama kuna jambo jingine la kujua.

"Hakuna," akajibu Omondi.

Lilikuwapo. Na hapa inabidi kueleza tabia moja ya masaisi wa zamani, ambayo Omondi mwenyewe anaisimulia akiwa ameinamisha kichwa. Saisi akihamishwa banda, alimwonyesha mwenzake kila kitu isipokuwa kimoja. Alibaki nacho makusudi. Kabla ya mwezi kwisha farasi angeharibika tabia, na bwana angepiga kelele, "Nirudishieni yule wa kwanza!" Kila saisi aliyejipenda alifanya hivyo. Hakuna aliyeona ni dhambi, maana mabwana walikuwa wepesi wa kufukuza watu.

Siri ya Rozi ilikuwa mawe. Rozi ni mlafi. Ukimwekea pumba kwenye hori anazimeza bila kutafuna, kana kwamba kuna mtu wa kumnyang'anya. Kwa hiyo tangu alipokuwa mtoto, Omondi aliweka horini mawe matatu laini ya mtoni, makubwa asiyoweza kuyameza. Rozi hulazimika kuyasukuma kwa pua ili apate chakula, na hivyo hula polepole. Siku ya kuondoka Thika, Omondi aliyatoa yale mawe horini na kuyaficha chini ya kitanda.

Wiki mbili zikapita. Kila Jumapili Omondi alikwenda Mugutha, na kila Jumapili alirudi akiwa mbaya zaidi, kwa maelezo ya Aoko. Mara Mwanzia amemfunga kamba fupi. Mara amemvisha kofia ya majani kama punda. Siku aliyosikia "Kalondu!" na kumwona Rozi anainua kichwa na kwenda kwa Mwanzia mbio, hakula chakula cha jioni.

"Nikamcheka," alisema Aoko. "Nikamwambia, sasa umejua ninavyosikia mimi."

Wiki ya tatu, siku ya Jumatano, Mwanzia alitokea kwenye lango la kiwanda amelowa jasho. Farasi alikuwa amerudi kutoka stesheni ya Ruiru, ambako hupeleka mikebe ya maziwa ya majirani asubuhi, akapewa pumba, na sasa alikuwa anakabwa. Shingo imenyooka, povu na pumba vinamtoka puani, hawezi kumeza hata mate.

Omondi alimpakia Mwanzia nyuma ya baiskeli. Anasema hakumbuki njia. Walimkuta Rozi amesimama akitetemeka, macho yametoka. Omondi alipapasa koo mpaka akakuta mahali palipovimba, akaanza kukanda kwa kiganja, akimwinamisha kichwa ili asivute povu kifuani. Alikanda kwa zaidi ya saa nzima. Ghafla donge la pumba likashuka, Rozi akakohoa, akameza.

Wote wawili waliketi chini. Ndipo Mwanzia akauliza, kwa upole tu, kama kule Thika jambo hili liliwahi kumpata.

"Ningeweza kusema hapana," anasema Omondi. "Hangejua. Lakini mikono yangu bado ilikuwa na povu lake. Nikamwambia kuhusu mawe."

Mwanzia naye anaikumbuka siku hiyo, na uso wake hubadilika anapoisimulia. "Nilikasirika sana. Nilimuuliza, ulitaka afe, ili ionekane wewe ndiye unajua? Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Sikutaka afe. Nilitaka anililie.' Sasa mtu akikwambia hivyo, utampiga?"

Hakumpiga. Alikwenda mtoni akarudi na mawe sita, Omondi akachagua matatu. Kisha Mwanzia akamwambia, "Na yale mengine uliyonificha, nayataka leo." Omondi akampa yote: mahali nyuma ya sikio anapopenda kukunwa, namna anavyoogopa shuka nyeupe kwenye kamba, mluzi wa kumtuliza ngurumo zikipiga. Mwanzia alirudia ule mluzi mpaka akaupata. Omondi anasema kukanda koo hakukumuuma kama kusikia mluzi wake ukitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine.

Wala usidhani Mwanzia anastarehe. "Kalondu akisikia kengele ya baiskeli yake anaacha kula," analalamika. "Nimemlisha miezi minane. Mimi nikiingia haachi kula."

Lakini leo hii, Februari 1958, ziara si ya kawaida. Mwezi uliopita kiwanda kilirudisha siku sita za kazi. Mshahara wa Omondi umerudi, banda la mabati bado lipo, na kwenye baiskeli amefunga kamba mpya. Hajasema ni ya nini. Hakuna asiyejua.

Mwanzia anamaliza chai yake na kuweka kikombe chini. "Mzee Omondi, nimeiona hiyo kamba. Huyu ni wako, hukuniuzia. Ukimtaka, mchukue. Nitakasirika, lakini mchukue."

Omondi anaweka burashi chini, anapiga magoti kwenye nyasi na kushika ule mguu wa mbele ulioumia. Anapapasa kano kutoka gotini kwenda chini, polepole, anarudi juu, anashuka tena. Anaushika na mguu wa pili ili alinganishe.

"Hauna joto," anasema mwishowe. "Hauna uvimbe hata kidogo."

"Ni hizi nyasi," anasema Mwanzia. "Udongo hapa ni laini."

"Kule kwangu chini ni mawe na barabara. Nilimkanda kwa chumvi miaka mitatu." Omondi anainuka akifuta magoti. Macho yake yana hasira ya kweli. "Miaka mitatu, mimi saisi. Sikuuponya. Wewe mtu wa punda umeuponya kwa kumwacha tu atembee."

Anaichukua kamba kwenye baiskeli. Mwanzia anasimama. Rozi anawatazama wote wawili, kisha anarudi kwenye nyasi zake.

"Hii uliyo nayo imechakaa," Omondi anasema, akimtupia ile mpya. "Itamkata shingo."

Hivyo ndivyo alivyoamua, na hakutaka pongezi. Nilipomwambia amefanya jambo jema aliniangalia vibaya. Alisema kazi ya kiwanda ilipungua mara moja na inaweza kupungua tena, na yule wa buchari bado yuko Thika. Mpango wake ni kuendelea kuja kila Jumapili, kwa kuwa Mwanzia huenda kanisani na mtu wa kumlisha farasi asubuhi hiyo anahitajika. Mshahara wa mwezi huu utamnunulia Aoko cherehani iliyotumika, ameshaiona dukani. Anatumaini Rozi ataishi miaka kumi mingine.

Nilimuuliza atafanya nini siku atakayopiga kengele, na farasi asiinue kichwa.

Omondi alikuwa ameshaishika ndoo.

"Nitaona wivu," alisema. "Halafu nitamchotea maji."