Niliapa Kuficha Ugumba wa Mume Wangu, Sasa Mke Mwenzangu Anaandaliwa Dawa

Wasomaji wa ukurasa huu, nawasalimu katika Bwana. Jina langu mhariri analo, nimemwomba alifiche. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minne. Kwetu ni Mufindi, mbele kidogo ya Nyololo, nimeolewa huku milimani Mbeya kwa wakulima wa viazi na pareto. Sijazaa. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mnivumilie.

Miaka yote ya ndoa nimesemwa. Wifi yangu hupenda kuwaambia wageni, "Huyu Mbena wetu mjazieni sahani, tumbo lake halina mpangaji." Watu wanacheka, na mimi nacheka nao. Mama mkwe alinipeleka kwa mganga, nikanyweshwa dawa ya mizizi mpaka nikatokwa damu nyingi nikalazwa. Tangu hapo siku zangu zilivurugika, na sasa zimekoma kabisa.

Tulipokwenda kwetu kumzika baba, nilimsihi mume wangu tusogee mpaka hospitali Iringa, mahali ambapo hakuna anayetujua. Alikubali. Walimpima, wakamkata kinyama kidogo sehemu za siri, wakakitazama kwa darubini. Daktari alikuwa mtu mpole. Akasema, "Mzee, chembe za kutengeneza mbegu za uzazi unazo, ila zinaanza kazi halafu zinasimama njiani. Ni kama hazipati amri ya kukomaa. Hata ungeoa mwingine, ingekuwa hivi hivi." Mume wangu akauliza nani kaizuia hiyo amri. "Hilo hatujalijua, mzee. Pengine homa ya zamani, pengine zile dawa za wadudu ulizosema ulikuwa unanyunyizia kwenye mashamba ya chai ujanani, pengine ulizaliwa hivyo. Nikisema najua nitakudanganya."

Tulipotoka nje, mume wangu alichukua Biblia yangu kwenye kikapu akaniwekea mkono juu yake. "Apa," alisema. "Ndugu zangu wakijua, sitakaa nao tena baraza moja." Nikaapa. Nilimhurumia, na bado namhurumia, maana hajawahi kunipiga wala kunitukana.

Kumbe mwenzangu alikuwa anawaza kilimo. Huku kwetu viazi vya mbegu vikikataa kuchipua juu kwenye baridi, tunavishusha bondeni kwenye joto, vinaamka. Mwaka jana akaniambia, "Mke wangu, daktari yule hajawahi kulima. Mbegu iliyolala haijafa, inataka joto." Akaenda kuoa binti wa Usangu, kule bondeni kwenye joto. Kanisani wakamzuia Meza ya Bwana, akasema sawa.

Binti huyo ni mdogo, ananiita dada. Tunalima pamoja, tunachota maji pamoja, nampenda kama tumezaliwa tumbo moja. Mimba haikuja. Wifi akapata wa kumsema mwingine: "Ng'ombe wetu wamekwenda mpaka Usangu, kumbe tumeletewa ndama dume."

Juzi tukimenya viazi binti akaniuliza, "Dada, wewe ulijuaje kuwa ni tasa? Ulisikia nini tumboni?"

Nikamwambia sijui.

"Mimi sisikii kitu. Ila mama mkwe anasema nina uchafu ndani. Barabara ikikauka atanipeleka kwa mganga wake."

Ni mganga yule yule aliyeninywesha mimi. Nilimfuata mume wangu shambani, nikamwambia, baba, unajua kabisa binti huyu hana kosa, mzuie mama yako. Alilima mpaka mwisho wa tuta. Kisha akasema, "Wewe uliinywa, ukapona." Akaongeza taratibu, "Na uliapa."

Ndugu zangu, nimefunga na kuomba, jibu sijapata. Kiapo nilikitoa mbele za Mungu, si mbele ya mume wangu tu. Nikikivunja, mume wangu atakuwa kichekesho cha ukoo mzima mpaka anaingia kaburini, na mimi sijui nitarudi kwetu kwa nani, wazazi wote wamelala. Nikinyamaza, huyu mtoto wa watu atainywa dawa ile kwa kuniamini mimi ninayemwambia sijui. Mimi kwangu yamekwisha. Yeye tumbo lake bado zima, anaweza kuzaa kwa mwanamume mwingine.

Akina mama mnaomcha Mungu, nanyi wazee wa makanisa mnaosoma hapa, naomba mnijibu bila kunionea haya. Nimwambie, au niendelee kunyamaza?